Kitabu cha Voynich hakisomeki lakini kinahesabika. Tuhesabu kwanza ndo tubishane

Mpingo Mkavu (mtoa mada)

Wakuu kwema? Uzi ni mrefu, asiye na muda apite kimyakimya, tusianze na "fupisha mkuu".

Kila baada ya muda inazunguka video kwenye magrupu kwamba kuna mtu amekisoma kitabu cha Voynich. Mara ni Kiebrania, mara Kituruki cha zamani, mara Kilatini cha mkato, saivi imekuja ya akili mnemba eti imekimaliza usiku mmoja. Mtu kujaribu sio dhambi. Kinachoniudhi ni kwamba wote wanaanza na kusoma, wanachukua neno moja wanalipa maana, la pili wanalipa maana, la tatu likigoma wanasema mwandishi alikosea, na hamna anayekaa chini kwanza akahesabu. Na hiki kitabu ukikihesabu kinatoa habari nyingi kweli, ambazo zingewaokolea hao watu muda wao na wetu.

Kwa wasiokijua: ni kitabu cha ngozi, kurasa kama 240 hivi, kipo maktaba ya Beinecke pale chuo kikuu cha Yale Marekani, namba yake MS 408. Jina kimepata kwa Wilfrid Voynich, muuza vitabu vya kale aliyekinunua 1912 kwa mapadri wa Kijesuti karibu na Roma. Huko nyuma kilikuwa Prague, kuna barua ya miaka ya 1660 ya daktari Johannes Marcus Marci akimwandikia Athanasius Kircher, msomi wa Kijesuti kule Roma, inasimulia kwamba kiliwahi kununuliwa na mfalme Rudolf wa Pili kwa dukati 600, sarafu za dhahabu za enzi hizo. Ngozi yenyewe ilipimwa kaboni na watu wa chuo kikuu cha Arizona 2009, jibu likatoka kati ya 1404 na 1438. Ndani kuna michoro ya mimea ambayo wengi wameshindwa kuitambua, nyota, duara za falaki, wanawake uchi wameloa kwenye mabwawa ya maji ya kijani. Na maneno kama elfu 38 ya mwandiko ambao haupo popote pengine duniani.

Watu wa fani walishatengeneza namna ya kuuandika kwa kibodi, inaitwa EVA. Kila alama imepewa herufi ya kawaida iiwakilishe. Sio matamshi, ni jina tu la alama, kwaiyo mkiniona naandika daiin au chedy msianze kuzisoma kwa sauti mkatafuta maana, wapo waliopotelea hapohapo.

Sasa darasa dogo kabla hatujaingia kwenye ugomvi. Chukua "haba na haba hujaza kibaba". Ni herufi 22. a ziko 9, b ziko 4, h ziko 3, halafu n, u, j, z, k na i mojamoja. Ukiingiza kwenye kanuni ya Shannon, ile ya kupima kiasi cha habari kwenye maandishi, inatoka kama biti 2.58 kwa kila herufi. Maana yake ni kwamba nikikuficha herufi moja na wewe huoni jirani zake, utahitaji kwa wastani maswali zaidi kidogo ya mawili na nusu, ya kujibiwa ndiyo au hapana, mpaka uipate. Haya, sasa nikuonyeshe herufi iliyotangulia ndani ya neno. Baada ya b inakuja a, mara zote nne. Baada ya k ni i. Ubishi umebaki sehemu mbili tu, baada ya h (a mara mbili, u mara moja) na baada ya a (b mara tatu, z mara moja). Biti zinaporomoka mpaka kama 0.35. Hii ya pili ndo inaitwa entropia ya masharti, na ndo imeleta kelele zote kuhusu Voynich.

Ila uone na mtego wake. Hiyo 0.35 ni ndogo namna ile kwa sababu sentensi ni fupi, sio kwa sababu Kiswahili kinatabirika kiasi hicho. Maandishi mafupi yanajifanya yana mpangilio hata kama hayana. Likae kichwani hilo, tutalirudia.

1976 mwanafizikia wa Yale, William Bennett, alikipima Voynich kwa kompyuta akakuta entropia ya masharti iko chini mno. Inazunguka biti 2, wakati lugha nyingi za Ulaya zikiandikwa na herufi zake za kawaida ziko 3 kwenda juu. Waliokikaribia ni lugha za Polinesia kama Kihawaii, zenye konsonanti za kuhesabu na vokali kila kona. Na hapa sio herufi 22, ni maandishi marefu, huwezi kusingizia ufupi.

Kwaiyo jambo la kwanza: sio lugha ya Ulaya iliyobadilishiwa herufi moja kwa moja. Ukichukua Kilatini ukabadilisha a kuwa alama hii na b kuwa alama ile, entropia haibadiliki hata chembe, umebadilisha majina tu. Anayekuja na jedwali la "hii ni a, hii ni b" na chini yake kuna Kilatini cha kawaida, hesabu imeshamkataa kabla hajafungua mdomo.

Bibi Kasuku

Mkuu asante kwa darasa. Ila mi naona umejijibu mwenyewe, konsonanti vokali konsonanti vokali, si ndo Kiswahili hicho? Au Kibantu chochote. Na nimeona mahali wanasema maneno yake yana vipande vya mbele na vya nyuma kama viambishi vyetu.

Mpingo Mkavu

Bibi swali zuri na nilikuwa nalisubiri, maana ukilitazama juujuu linavutia.

Ni kweli maneno yamejengwa kwa vipande. Jorge Stolfi, profesa wa kompyuta kule Brazili, alionyesha kwamba karibu kila neno lina kiini, halafu tabaka, halafu ganda la nje, na kila alama inajua chumba chake. Mfano qokeedy: q inaanza, o inafuata, k katikati, halafu ee, halafu dy. Ukiwa na jicho la Kibantu utasema aaah, hiyo ni kama a-ta-ka-po-ku-ja. Lakini angalia ukali wake. q inakaa mwanzo wa neno na karibu kila mara inafuatwa na o. n inakaa mwisho, ni nadra sana kuikuta kwingine. Sasa niambie herufi ya Kiswahili yenye tabia hiyo. Maneno yetu yanaishia na vokali, sawa, ila a hiyohiyo inayofunga neno ndo inayoanza "anapika" na ndo iko katikati ya "kazi". Hamna herufi yetu iliyofungiwa chumba kimoja namna ile.

Halafu kuna historia. Mwandiko na michoro ni ya Ulaya ya karne ya 15, kuna mpaka ngome yenye meno ya mkia wa mbayuwayu kama zile za Italia. Mswahili wa wakati huo kama aliandika lugha yake aliandika kwa herufi za Kiarabu, na maandishi ya Kiswahili ya kale tunayoweza kuyashika, zile barua za Kilwa zilizotunzwa Goa, ni ya mwanzoni mwa karne ya 18. Huyo wa kwenda kuandika Kiswahili Italia 1420 kwa mwandiko wa kujitungia tunamtoa wapi?

Ila kinachoniumiza kichwa mimi ni mistari. Kapteni Prescott Currier, mtu wa ujasusi wa jeshi la majini la Marekani, alisema 1976 kwamba mstari wa Voynich unafanya kazi kama kitu kimoja kinachojitegemea. Alama m inapenda mwisho wa mstari. Zile alama ndefu zenye vichwa wanazoziita p na f zinapenda mstari wa kwanza wa aya. Wewe ukiandika barua, neno "kwamba" linajali liko mwisho wa mstari? Karatasi ikiisha unashuka chini unaendelea. Kwenye ushairi sawa, utenzi una kina cha mwisho, ila huyu anafanya hivo kwenye maandishi yaliyozunguka mchoro wa mmea, ambapo mstari unakatika popote jani lilipoingilia.

Hesabu Haina Mjomba

Mtoa mada unachagua ushahidi. Mbona husemi kwamba Voynich inafuata sheria ya Zipf? Hiyo ni alama ya lugha ya binadamu, imeshachapishwa kwenye majarida, sio mtandaoni tu.

Mpingo Mkavu

Nimeipanga nyuma makusudi mkuu. Ni kweli, Gabriel Landini aliichapisha 2001 kwenye jarida la Cryptologia, na grafu inakaa vizuri: neno la kwanza kwa wingi, la pili karibu nusu yake, la tatu theluthi, kwenda chini. Kwenye Voynich daiin ndo kinara, zaidi ya mara 800.

Ila 1957 mwanasaikolojia George Miller alishaonyesha kwamba hata nyani akigonga mashine ya kuandika ovyo, mradi ile batani ya nafasi nayo inagongwa, "maneno" yanayotoka yanakaribia mstari uleule. Na jaribu hili mwenyewe, ni dakika tano: chukua habari yoyote ya gazeti, ikatekate maneno, yachanganye kama karata, mpaka hamna sentensi hata moja yenye akili. Chora Zipf. Itatoka ileile, haijasogea, kwa sababu Zipf inahesabu neno limetokea mara ngapi, haijali limetokea wapi. Sasa kipimo ambacho gazeti zima na gazeti lililosagwa wote wanafaulu, kinatusaidia nini kujua kama kitabu kina maana? Kingefeli tungejifunza kitu. Kimefaulu, basi, tunaendelea na safari.

Hesabu Haina Mjomba

Sawa hapo nakubali nusu. Na utafiti wa Montemurro na Zanette 2013 je? Wao waliangalia mpangilio, sio idadi tu.

Mpingo Mkavu

Hao ndo wa kuwasikiliza. Walichofanya ni kutafuta maneno yanayokaa kwa makundi. Kwenye kitabu cha kilimo neno "mbolea" litajaa sura moja na kupotea sura nyingine, wakati "na" au "ya" limetapakaa kote. Wakakuta Voynich ina maneno ya namna ya "mbolea", na sehemu zenye michoro inayofanana zinachangia maneno. Ukichanganya kama karata hiyo inakufa, kwaiyo ni kipimo chenye meno.

Tatizo ni kwamba makundi hayo yanaweza kuzaliwa na njia nyingine. Torsten Timm, na baadae yeye na Andreas Schinner 2019, wakasema tazama jirani wa kila neno. Ukikuta chedy, karibu yake kuna shedy, kuna chey, kuna qokedy. Kwenye kurasa za wale wanawake wa mabwawani unakuta mstari mmoja qokeedy na qokedy zinapokezana mpaka unahisi mtu kasinzia na kalamu mkononi. Na kufanana huko hakuendi kulia na kushoto tu, kunaenda JUU NA CHINI. Neno linafanana na lililo mstari wa juu yake kuliko lililo mbali.

Hebu lifikirie hilo, maana kwangu mimi ndo kiini cha uzi mzima. Lugha inaenda kwa mstari mmoja wa muda. "Kitabu kikubwa kimeanguka", ki inajirudia kwa sababu maneno yanaongea yenyewe kwa yenyewe, na yangejirudia vilevile hata ukiyaandika kwenye utepe mrefu usio na mistari. Ila neno kumjali aliye juu yake kwenye ukurasa? Anayeona juu na chini ni jicho la mtu anayeandika. Timm anasema mwandishi alikuwa anaangalia maneno aliyokwisha andika hapo juu, anachukua moja, analigeuza kidogo, anaandika, anaendelea. Na akiendelea hivo kurasa nyingi maneno yenyewe yanahama polepole, ndo unapata yale makundi ya Montemurro bila kuwa na mada yoyote.

Dada Mkuu wa Zamu

Nasoma kimya ila hapa nimekwama. Kuna sehemu nilisoma kwamba kuna "lugha" mbili ndani ya kitabu, A na B. Mwenye kubuni upuuzi anabuni lugha mbili za nini?

Mpingo Mkavu

Dada yangu hapo umeshika pazuri. Ni Currier huyohuyo. Aligundua kurasa za mimea za mwanzo zina tabia moja na kurasa za mabwawa zina tabia nyingine. Mfano wa karibu: yale maneno ya kuishia edy, chedy na shedy na wenzao, kwenye B yamejaa mpaka yanakera, kwenye A ni kama hayapo. Neno la kawaida kiasi hicho kupotea kabisa ni sawa na kusoma kurasa mia za Kiswahili usikute "hiyo" hata moja. Kubadilisha mada peke yake hakuleti hilo.

Na 2020 Lisa Fagin Davis, mtaalamu wa miandiko ya kale, akachapisha kwamba anaona mikono mitano. Watu watano. Na mikono inaendana kwa kiasi na A na B. Kwa anayeshikilia kwamba ni lugha, hizo ni lahaja mbili au njia mbili za kufumba. Wa Timm anasema ni mazoea yanayohama kurasa zikienda, na kwamba katikati kuna kurasa za mpito. Mimi hao watano ndo wananifanya nisiseme kwa sauti kubwa "ni upuuzi", kwa sababu mtu mmoja kujifungia ndani akajaza ngozi kwa mchezo naelewa, watano kukaa meza moja wakafuata mchezo uleule kwa nidhamu ile, hmm.

Fundi Saa

Kwaiyo unaegemea wapi? Maana unauma huku unapuliza. Kurasa 240 za ngozi mkuu, ngozi sio bei ya daftari, nani apoteze mali hivo kuandika mavi ya kuku?

Mpingo Mkavu

Naegemea kwa Timm, kama sita kwa nne. Na hilo la gharama silikubali, soma tena ile barua: dukati 600. Mtu akiweza kuuza kitabu cha siri kwa mfalme anayependa mambo ya siri, ngozi imeshalipa. Sisemi kilitengenezwa kwa ajili ya Rudolf, alikuja zaidi ya karne moja baadae, nasema soko la vitu vya ajabu lilikuwepo. Gordon Rugg alishaonyesha 2004 kwamba kwa jedwali la vipande vya maneno na kadi yenye matundu unaweza kuzalisha maandishi ya sura ile haraka tu, ingawa ya kwake hayakufikia tabia zote.

Halafu kuna jaribio nalipenda, la Gaskell na Bowern 2022. Walichukua watu wa kawaida wakawaambia andikeni maandishi yasiyo na maana yoyote. Wakapima walichoandika. Kumbe binadamu akiandika upuuzi hawi kama nyani wa Miller, anajirudia, anazunguka vipande vilevile, na kwenye vipimo vingi anaangukia jirani na Voynich kuliko maandishi yenye maana yanavyoangukia. Tulikuwa tunalinganisha kitabu na lugha upande mmoja na bahati nasibu upande wa pili, tukasahau mtu wa tatu, yaani binadamu anayejifanya anaandika.

Ile nne iliyobaki inabaki kwa sababu ya watu kama Michael Greshko. 2025 ametoa mfumo wa kufumba anauita Naibbe, unatumia dadu na karata, vitu vilivyokuwepo Italia ya wakati huo. Unaingiza Kilatini au Kiitaliano, kinatoka kitu chenye takwimu za karibu na Voynich B, na kinafumbulika kurudi. Mwenyewe hasemi ndivyo kilivyoandikwa. Anasema tu mlango haujafungwa, kwamba entropia ya chini haimaanishi lazima hamna ujumbe.

Fundi Saa

Mi bado nasema kuna ujumbe. Watano, miaka, ngozi, rangi. Tukubaliane kutokubaliana.

Msomaji wa Pembeni

Samahani wakuu, swali la nje kidogo. Hivi kuna mwandiko wowote uliowahi kufunguliwa kwa kuhesabu hivi, bila kupata jiwe la tafsiri kama lile la Wamisri?

Mpingo Mkavu

Upo, na ndo maana nina hasira na hao wa video, kwa sababu njia nzuri ipo na inajulikana.

Mwandiko wa Linear B, vibao vya udongo vya Krete na Ugiriki, zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Hawakujua lugha, hawakujua sauti. Kitu cha kwanza walihesabu alama, zikatoka karibu 90. Hiyo peke yake ni jibu: alfabeti huwa na 20 mpaka 40 hivi, mwandiko wa alama moja neno moja unaenda mamia na maelfu, 90 maana yake ni silabi, alama moja kwa ka, nyingine kwa ki.

Akaja Alice Kober, mwalimu wa chuo pale Brooklyn. Mama huyu alitengeneza vikaratasi kama 180,000, akavikata mwenyewe kwa mkono kwa sababu vita ilifanya karatasi ziadimike, akavipanga kwenye maboksi ya sigara. Alikataa kabisa kubahatisha lugha. Akaona kuna maneno yanakuja kwa tatutatu, mwanzo uleule miisho tofauti, kwaiyo lugha inanyambua mwisho. Na kama alama inayokaa kwenye mpaka wa shina na mwisho inabadilika, basi alama hizo zina konsonanti moja na vokali tofauti. Fikiria kwa Kiswahili: ungekuwa na alama moja ya "ma" na nyingine ya "mi", halafu unakuta neno lilelile mara linaishia hii mara ile, soma na husomi. Huzijui sauti ila unajua hizo mbili ni ndugu. Amefariki 1950 bila kuona mwisho.

Michael Ventris, mbunifu wa majengo, akaichukua njia hiyo akajenga jedwali la alama ndugu, na 1952 jedwali likamtolea Kigiriki. Na utamu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaamini ni lugha jamaa ya Kietruski, lugha ya kale ya Italia, Kigiriki hakukitaka! Namba zilimburuza. Tena silabi zake zote ni wazi, yaani zinaishia na vokali, kwaiyo "tripode" inaandikwa ti-ri-po-de, namna ileile sisi tulivyoigeuza klabu ikawa kilabu.

Halafu kikaja kibao kimechimbwa Pylos, ambacho Ventris hakukitumia kutengeneza jedwali lake. Carl Blegen, mwanaakiolojia aliyechimba pale, alipokisoma kwa jedwali lile, maneno yakatoka mitungi yenye mikono mitatu, yenye mikono minne, isiyo na mikono, na pembeni ya kila neno mwandishi wa kale alikuwa amechora mtungi wenyewe. Mikono mitatu imechorwa mitatu. Hapo ubishi uliisha kwa walio wengi.

Huo ndo mtihani. Anayesema amesoma Voynich apewe ukurasa ambao hakuugusa, aufasiri kwa kanuni zake zilezile bila kuongeza hata moja, na mtu mwingine apewe kanuni hizohizo chumba kingine, tuone kama watatoka na kitu kimoja. Gerard Cheshire alipotangaza 2019 kwamba ni proto-Romance, yaani lugha mama ya Kiitaliano, Kihispania na wenzao, chuo kikuu cha Bristol kilichokuwa kimeitangaza habari yake kikajitoa siku chache tu baadae, baada ya wataalamu kuutilia shaka utafiti wake.

Hesabu Haina Mjomba

Na mwandiko wa kale wa bonde la Indus, kule Pakistan na India? Serikali ya jimbo la Tamil Nadu, India, ilitangaza dola milioni moja mwaka 2025 kwa atakayeufungua.

Mpingo Mkavu

Hela nzuri, ila kumbuka mtego wa kibaba. Vitu vilivyoandikwa ni maelfu, ila kwa wastani kila kimoja kina alama kama 5 tu, na upande mmoja wenye alama nyingi kuliko zote una 17. Unasomaje sarufi kwenye alama tano? 2009 Rajesh Rao na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science kwamba entropia yake ya masharti inakaa pamoja na lugha. Richard Sproat akawajia juu, kwamba walichoilinganisha nacho ni vitu vya kutengeneza, kimoja ovyo kabisa na kingine kimenyooka kabisa, na katikati ya hivyo viwili wanakaa watu wengi ambao sio lugha. Ni shida ileile ya Zipf, wamekuwa wengi mno wanaofaulu. Diski ya Phaistos, lile bamba la udongo la Krete, ndo usiseme, alama 241 dunia nzima basi, hapo hata mimi naweza kukusomea chochote unachotaka.

Bibi Kasuku

Mkuu mi nimeamua nitapima Kiswahili mwenyewe nikilinganishe na Voynich, kijana wangu ananiandikia programu. Nitumie maandishi gani?

Mpingo Mkavu

Safi sana. Chukua marefu, habari za kawaida, yafike maneno elfu 38 ili ulingane na kitabu, usije ukalinganisha kibaba na pishi. Amua mapema unafanyaje na "ch", "ng'" na "ny", ni alama moja au mbili, kwa sababu jibu litabadilika. Kwenye EVA ni hivohivo, ile iin ya daiin wengine wanaihesabu alama tatu, wengine moja, na ukiiunganisha entropia inapanda.

Halafu kama unapata mtu anayejua, pima na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu za zamani. Huko i na e zinaandikwa sawa, u na o sawa, p inakaa kwenye b, na mara nyingi ile m ya "mb" haiandikwi kabisa. Lugha ni ileile, msemaji yuleyule, ila namba itatoka nyingine, maana unachopima ni mwandiko. Kwaiyo ukirudi hapa usituletee namba moja ukasema "entropia ya Kiswahili ni hii". Tuletee zote mbili na utuambie ulihesabuje.

Bibi Kasuku

Sawa. Hiyo ya Kiarabu nina mjomba Lamu, nitamsumbua. Kijana anauliza nafasi kati ya maneno ihesabiwe kama herufi?

Mpingo Mkavu

Fanya mara mbili, ukiihesabu na bila kuihesabu.